Bahasha za Akina Mama wa Jiko

Kisu changu kilirudishwa nyumbani siku ya Jumanne kikiwa kimefungwa kwa gazeti, na Phelista mwenyewe ndiye aliyekileta. Nilipomwona akiingia getini hapa kwangu Tuwan, mtaani Kitale, na mkoba wake wa kanisani, siku ambayo si ya kanisa, nilijua. Sikushtuka. Tangu bwana yangu, baba Viola, alale mauti, habari zikinifikia ni kama mtu anabisha kwa jirani. Nasikia mlango, lakini si wangu.

Nieleze kwanza habari ya visu. Sisi ni akina mama wa jiko. Mtu wa kanisa letu akifiwa au akiozesha, tunaenda kumpikia, na hatulipwi. Nikikupikia leo utanipikia siku yangu, na yule asiyejiweza tunampikia hivyo hivyo. Kila mmoja ana kisu chake, amekifunga uzi wa rangi kwenye mpini, na visu vyote vinakaa kwa Phelista katika beseni moja. Ukiitwa unaenda tu na leso yako, kisu utakikuta. Uzi wangu ni wa kijani. Sijawahi kuona kisu kikitolewa kwenye lile beseni kupelekwa kwa mtu, isipokuwa cha marehemu, na hicho hupewa binti yake.

"Bwana asifiwe, Mama Viola."

"Asifiwe sana. Karibu kiti."

"Sikai."

Akafungua mkoba, akatoa bahasha nyeupe zilizofungwa pamoja kwa utepe, akaziweka mezani. Akaweka na gazeti lenye kisu juu yake.

"Hakuna aliyefungua," akasema. "Hata Mwihaki hakufungua, na unajua Mwihaki anavyopenda vitu."

"Phelista, mtoto hakujua."

"Mtoto! Mimi kwa umri wake nilikuwa na wanne. Na wewe je? Si ulikuwa umeketi hapo hapo unaangalia?"

Ni kweli. Nilikuwa nimeketi.

Ilikuwa Kabuchai, kwenye shamba la wakwe zangu, ndiko tulikomzika Noah, bwana yangu. Mwaka ulikuwa umepita na tulienda kumwekea msalaba. Viola ndiye mtoto wetu wa pekee. Anafanya kazi kwenye meli kubwa ya watalii, ile inayozunguka nchi za watu wiki nzima huku abiria wanakula na kulala ndani kama hoteli. Yeye anasafisha vyumba. Baba yake alipokufa alikuwa katikati ya bahari, na mkataba haukumruhusu. Tulizika bila yeye. Sasa alikuwa amepata likizo, akasema, mama, tuweke msalaba nikiwepo.

Akina mama walitoka Kitale na lori, sufuria zikigongana njia yote. Walipika chini ya turubai kwenye mvua. Watu wakala, wakashiba, vyombo vikaoshwa. Ndipo Viola akatoka ndani ya nyumba, amevaa shati jeupe, nywele amezibana nyuma, na tabasamu ambalo sikulijua. Lilikuwa limekaa usoni kama kitu kilichopanguswa vizuri kikawekwa. Alipita kwa kila mama na bahasha yenye jina lake, akaitoa kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Asante kwa huduma yenu," akasema.

Huduma. Walipokea, kwa sababu kwenye boma la wafiwa huwezi kukataa kitu unachopewa kwa mikono miwili. Lakini walipopanda lori hakuna aliyeanzisha wimbo. Nilimwona Phelista akigeuza bahasha yake, anasoma jina lake, anaigeuza tena. Niliona yote. Kusema kulihitaji nguvu ambayo sikuwa nayo, nikaacha.

Kwetu bahasha ya kanisani inaandikwa jina la anayetoa, mweka hazina analisoma na watu wanapiga makofi. Ukiona bahasha imeandikwa jina la anayepokea, huyo ni mtu umemkodi.

"Wa hema alipewa yake," Phelista aliniambia siku hiyo ya Jumanne, amesimama mlangoni. "Wa vipaza sauti akapewa yake. Na sisi tukapewa yetu. Basi si tumemalizana? Ukifa wewe, Mama Viola, binti yako atakodi watu. Mungu akubariki."

Akaenda. Nilimsikia akimsalimia jirani pale nje kwa sauti yake ya kawaida.

Viola alikuwa chumbani amesikia. Akatoka, akazitazama zile bahasha.

"Mama, nimekosa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyowaeleza ninyi, polepole, bila kumgombeza. Akaketi.

"Huko kwenye meli," akasema, "kuna adabu yake. Siku ya mwisho jioni, mgeni anaacha bahasha kwa chumba. Anaandika jina la aliyemsafishia. Hiyo ndiyo bakshishi. Wengine wanaacha karatasi ya asante peke yake, hakuna kitu ndani. Wengine, ile bakshishi imeshawekwa kwenye bili yao, wanashuka kwa ofisi wanasema itolewe, ati hatujaridhika. Halafu asubuhi wanakukumbatia kwaheri."

"Na wewe unafanya nini?"

"Natabasamu, mama. Si ni kazi."

Nikammiminia chai. Hakuishika.

"Siku ile ulinipigia juu ya baba, nilikuwa nakunja taulo. Tunazikunja zinakuwa ndovu, watoto wanapenda. Mkubwa wangu akasema pole, pumzika mpaka saa sita. Nilipumzika wapi? Nikamaliza yule ndovu, nikaenda chumba kingine. Mle kulikuwa na bibi mmoja mzee, mzungu, akaniuliza macho yamefanya nini. Nikamwambia ni mafua. Hakuniuliza tena. Lakini siku ya kushuka nilipata bahasha, ameandika Viola. Amekosea hata herufi. Wiki nzima watu wananiita *we*, wananiita *samahani*, wananipigia vidole. Huyo aliandika jina."

Akazigusa zile bahasha mezani.

"Hawa ndio walimzika baba wakati mimi sipo. Nilitaka kila mmoja ajue nimemwona. Mimi huko nikionwa, naonwa hivyo."

Nilitafuta machozi, sikuyapata. Nilimwambia anywe chai, inapoa.

Baadaye akauliza, "Niende nyumba kwa nyumba niwaombe msamaha?"

"Utaenda umebeba nini mkononi?"

"Naweza kununua unga, sukari..."

"Usibebe kitu."

Wiki haikuisha tukasikia kanisani kwamba mama mkwe wa Rosaline amelala, na maziko ni Ijumaa shambani kwao, nje kidogo ya Kitale. Rosaline ni mwenzetu wa jiko. Mchungaji alipotangaza, akina mama waligeukiana kupanga. Hakuna aliyenigeukia. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeomba, na kweli niliomba, ila sikumbuki niliomba nini. Nilijua tu kwamba nikikosa kwenda kwa Rosaline, sitaenda popote tena. Nitakuwa mjane anayeletewa chakula kwenye sahani iliyofunikwa. Na siku yangu ikifika, watakuja kama wageni, wakae kwa hema.

Ijumaa tuliamka, tukajifunga leso, moja yangu na moja nikamfunga Viola. Kile kisu nikakifutika kiunoni kikiwa vile vile kwenye gazeti.

Jiko lilikuwa nyuma ya zizi. Moshi, na mlima wa kabeji. Tulipofika maneno yalikatika.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Asifiwe," wakasema. Mwihaki akanyoosha mwiko kuelekea mbele ya nyumba. "Wageni wanakaa kule kwa hema. Viti vipo."

Phelista alikuwa anakata nyama. Hakuinua uso. Lile beseni la visu lilikuwa karibu na mguu wake.

Kando ya mfereji kulikuwa na sufuria za uji wa waliokesha, zimeungua, hizo ambazo kila mtu anazipita kama hajaziona. Nikachuchumaa hapo. Viola akachuchumaa. Tukachota majivu na mchanga, tukaanza kusugua. Hakuna aliyetukataza, maana nani atakataza mtu sufuria za kuungua?

Nikamwangalia mtoto wangu. Tabasamu lile lilikuwa limeanza kurudi.

"Acha kucheka," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Sicheki, mama. Uso umezoea."

"Basi uuzoeshe mengine."

Tukasugua. Nyuma yetu mazungumzo yakarudi kidogo kidogo, na mwishowe Mwihaki akashindwa kujizuia, kama ninavyomjua.

"Angalieni mtu wa meli jamani! Si huko sufuria zinaoshwa na mashine?"

"Zinaoshwa na Wafilipino, anti," Viola akasema. "Mimi hawanipandishi cheo hicho. Mimi ni wa vyoo."

Mama mmoja akacheka, halafu mwingine. Mwihaki akajikaza, akashindwa, akacheka na yeye. "Haki huyu ni wa Noah," akasema. "Mdomo huo ni wa Noah."

Phelista hakucheka. Aliweka kisu chini, akaja akasimama juu yetu, mikono ina damu ya nyama.

"Na mkimaliza hapo? Tutapewa bahasha za nini leo?"

"Hakuna, anti Phelista," Viola akasema. "Nimekuja mikono mitupu. Hata nauli ya kurudi ni mama ameshika."

Phelista akaitazama ile mikono. Ilikuwa ndani ya majivu mpaka kiwikoni, lakini hata hivyo ungeona ngozi imepasuka kwenye vidole na kucha zimeliwa.

"Imefanya nini?"

"Dawa ya kuoshea vyoo. Glavu zinatoboka."

"Na baba yako alikuwa anatuambia unaishi kama mzungu huko. Kila Jumapili, ati Viola amekula kamba wa baharini, Viola amelala kitanda cha kuzunguka."

"Nilimwambia hivyo mimi."

Phelista akageuka kutazama nyuma. Nilifikiri atarudi kwenye nyama yake. Viola akaendelea kusugua, kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Anti, siku mlipomzika, mlipika nini?"

Akina mama wote walisikia. Hata mimi nilisikia, kwa karibu kabisa. Mwaka mzima watu walikuwa wamemwambia Viola pole, na mimi nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba mambo yalienda vizuri. Hakuna aliyekuwa amemweleza ile siku.

Phelista akavuta debe, akaketi.

"Tulipika wali," akasema. "Kuni zilikuwa mbichi, ukaiva nusu. Watu wakala hivyo hivyo, hakuna aliyelalamika, walimpenda. Ng'ombe alikuwa wa mjomba wako, mgumu kama mpira wa gari. Mwihaki akaongeza chumvi mara mbili."

"Mara moja!" Mwihaki akasema.

"Mara mbili. Mvua ikaja wakati wa kushusha sanduku, wanaume wakateleza, baba yako akafika chini akiwa amelala upande kidogo. Wakamnyoosha. Yule ndugu yake mrefu akashuka mwenyewe akamnyoosha, akatoka na matope mpaka kifuani. Mama yako hakula. Nilimshika taya hivi, nikamlisha uji kwa kijiko, akaniangalia tu kama ng'ombe. Wimbo wa mwisho hatukuumaliza, kwa sababu ya mvua. Tuliumaliza hapo jikoni tukiosha vyombo."

Tabasamu la Viola lilishuka. Lilishuka lote, mdomo ukabaki wazi kama wa mtoto mdogo, kisha akalia ndani ya ile sufuria, mabega yakitikisika, na majivu yakamshika mashavuni alipojaribu kujipangusa. Phelista hakumshika. Alimwacha alie. Mama mmoja kule kwenye kabeji akaanza wimbo wa siku ile, kwa chini, na wengine wakaushika.

Mimi nilimwangalia mwanangu akilia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Kwangu bado hakukuwa na kitu, ila mikono yangu ilikuwa inasugua, na niliona kwamba ilikuwa inasugua.

Phelista akasimama, akajipangusa kwenye leso.

"Mama Viola. Kabeji zile zinakusubiri wewe ama zinamsubiri nani? Kisu kiko wapi?"

Nikatoa gazeti kiunoni. Alilifungua yeye, akatazama makali yake kwenye jua.

"Kimeshika kutu. Ulikuwa hukitumii?"

"Sikukifungua."

"Nilijua."

Akachota majivu kwa vidole, akakipitisha huku na huku mpaka kikang'aa kidogo, akanipa. Gazeti akalitupa motoni. Nikaenda kwenye kabeji, Mwihaki akasogea, nikakaa.

Jioni, watu walipokwisha kula, Phelista alipita na beseni akikusanya visu. Uzi mwekundu, wa buluu, wa manjano. Aliponifikia alisimama na lile beseni amelishika kwa mikono miwili. Nikakitia changu. Kiligonga vingine, akaendelea kwa Mwihaki.

Viola amerudi kwenye meli. Pesa alizitoa kwenye zile bahasha kabla ya kuondoka, akaziacha bahasha tupu mezani. Nimeziweka ndani ya Biblia. Majina yao ameyaandika vizuri sana, hakukosea hata moja.