Fidla ya Mkono wa Kushoto

Kaka mkubwa, Mawazo, ndiye aliyeitoa fidla ya mwisho ya baba yao iwekwe makumbushoni, na ndiye aliyempigia simu mdogo wake Najma, huko Kasomeno, aje aione. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza msiba vizuri. Jina la baba limeandikwa kwa herufi nyeupe, alisema, Fundi Yusufu, na watu wanasimama mbele yake kimya kama msikitini. Najma akafunga kibanda chake cha ushonaji, akapanda gari la asubuhi. Hakuwa ameigusa fidla ile tangu mazishi.

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya kawaida ya mtaa wa Hewa Bora, mjini, yenye bati jekundu na ua uliofagiliwa. Papa Lucien, mwalimu wa muziki ambaye wazazi wake walitoka Kasai, alipostaafu aliigeuza kuwa nyumba ya fidla, au violon kama mji mzima unavyoziita. Katika chumba cha mbele zilipangwa mbao ambazo hazijachongwa bado. Cha pili kilikuwa na kalibu, patasi, randa ndogo zisizozidi kidole gumba, na chungu cha gundi kilichotoka karakana ya baba. Najma aliinama akakinusa. Gundi ya ngozi ya ng'ombe hainukii vizuri, lakini alikaa hapo muda mrefu, mpaka Mawazo akamtania kwamba watu wa Kasomeno wakija mjini wanatembelea harufu.

Fidla ya baba ilitundikwa chumba cha mwisho, bila kioo, kwa kuwa Papa Lucien aliamini mbao zinataka hewa. Najma aliitambua kwa rangi yake ya chai kavu kabla hajasoma jina. Kisha akatazama nyuzi. Uzi mnene ulikuwa upande ambao baba hakuuweka.

Papa Lucien akaeleza kwa upole kilichotokea. Alipoipokea, nyuzi zilikuwa zimefungwa kinyume, na kiwekeo cha kidevu kilikuwa upande usio wake. Mawazo alimwambia kwamba mzee mwishoni macho yalichoka. Basi akaisahihisha kwa mikono yake, kwa heshima ya fundi, na chini ya jina akaandika kwamba kosa dogo la uzeeni limerekebishwa.

Najma alisoma neno hilo, kosa, akarudi kulisoma tena.

Alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Bibi yao, mama yake Yusufu, mwanamke wa Kasongo, hakuvumilia kuuona mkono huo ukielekea kwenye sahani wala ukimpa mgeni kikombe. Aliufunga kwa kipande cha kitenge ili wa kulia ujifunze kazi. Katika nyumba ile neno la bibi halikujibiwa, na Yusufu hakulijibu. Alikuwa fundi wa viti na milango. Fidla alijifunza kwa kutengeneza zile mbovu za orkesta ya parokia. Ila mchana, bibi akijinyoosha kulala, Yusufu alimwita mtoto karakanani, akamfungua kile kitambaa, akampa patasi aishike kwa mkono autakao. Bibi alipokohoa chumbani, baba aliufunga mkono tena, fundo lile lile, pale pale.

Miaka ikapita. Bibi akazikwa, Najma akaolewa, Mawazo akaenda kufanya kazi Kipushi. Ndipo baba akamtengenezea binti yake fidla ya kupigwa na mtu wa kushoto. Siku alipompa alitazama pembeni, akaanza kutafuta randa iliyokuwa mkononi mwake. Fidla ilibaki karakanani, ili kila Najma akija kusalimia aipige, baba aisikie.

Sasa Najma aliishusha ukutani. Wageni waliokuwa chumbani wakageuka.

"Leka, Najma," Mawazo alinong'ona akitaka aache. "Bantu banaangalia."

"Yaya Mawazo, baba hakukosa. Hii alitengeneza ya kwangu."

"Yako? We unashonaka na mukono gani?"

"Mbele ya bantu, ya kuume."

Akaisogeza dirishani, akamwomba Papa Lucien achungulie kwenye tundu la fidla. Ndani, chini ya ubao wa juu, fundi hugundisha ufito mwembamba wa kuubeba uzi mnene. Ufito wa baba ulikuwa upande wa pili. Mtu haufungi huko kwa macho kuchoka. Lazima aupime, auchonge, aubane na kuusubiri ukauke kabla hajaufunika kabisa. Papa Lucien alichungulia, akavua miwani, akachungulia tena. Alipoona Najma anashika vigingi vya kukazia nyuzi, aliinua mkono amzuie, kisha akaushusha.

Najma alianza kuhamisha nyuzi za kando, halafu za kati, ili daraja linalozibeba lisianguke. Akakigeuza kiwekeo cha kidevu. Kisha akashika upinde kwa mkono wa kushoto na kupiga wimbo ambao baba alikuwa akiupiga mluzi akiranda mbao. Mwanzoni ulikwaruza. Baadaye uzi mnene ukakaa juu ya ufito wake, na sauti ikatoka nzito na yenye joto, kama ya mtu anayeongea na mtoto huku akifanya kazi.

Mawazo aligeukia ukuta. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha, na mgongo wake ulikuwa ukitikisika. Lakini alikuwa mkubwa, na wageni walikuwepo. Alipofuta uso akakumbuka kuwa kitu cha nyumba ya watu hakishushwi bila ruhusa. Akamwambia mdogo wake, kwa sauti isiyokuwa na nguvu tena, amrudishie Papa Lucien violon yake kwa mkono wa kulia, kama walivyolelewa, na aombe pardon.

Najma alimtazama kaka yake kwa mapenzi. Akauweka mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Kwa wa kushoto peke yake akamnyooshea Papa Lucien fidla.

"Shika, papa. Ile neno kosa, ufute. Na pardon mi siombi."