Baba Aliyekufa Vizuri

Mjini walimwita Kasuku, naye hakuchukia, maana mdomo ndio uliomlisha. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni. Aliwaonyesha lango la soko lililojengwa kabla babu yake hajazaliwa, akawapitisha uchochoro wa mafundi cherehani, akawaonjesha samaki wa kuchoma, kisha akamalizia kwa mama yake, mwenye mgahawa mdogo nyuma ya soko.

Ila kabla ya chakula aliwasimamisha kwanza mbele ya ukuta uliobaki mweusi kwa moshi.

"Hapa palikuwa na tanuri la mikate," aliwaambia wageni wa siku ile. "Harufu yake iliuamsha mji mzima. Moto ulipozuka, mwoka mikate alishatoka salama, lakini akarudi ndani kumtoa jirani. Jirani akapona, yeye hakutoka tena. Mimi nilikuwa tumboni. Yule alikuwa baba yangu."

Wageni wakausogelea ukuta, kama kawaida. Mama mmoja akatoa leso. Lakini mzee mwenye kofia ya kitani, aliyekuja peke yake na ambaye tangu asubuhi hakuwa ameuliza lolote, aliushika ukuta kama mtu aliyeteleza.

"Mzee wangu, jua limekupiga?"

"Binti, katika moto ule hakufa mtu. Nilipata habari zake nikiwa mbali."

"Basi walikudanganya. Alikufa mwoka mikate."

"Tanuri hili lilikuwa na mwoka mikate mmoja tu." Mzee akapandisha mkono wa shati. Kuanzia kifundo hadi kiwiko palikuwa na makovu mafupi ya kuungua, moja juu ya jingine, kama ya mtu aliyeingiza mkono tanurini miaka na miaka. "Moto ulipozuka nilishaondoka. Nilimwacha mke wangu. Wallahi sikujua ana mimba."

Kasuku alitaka kucheka. Wendawazimu amewaona wengi. Kisha mzee akavua kofia ajifute jasho, na Kasuku akayaona masikio: makubwa, yamechomoza kama vishikio vya kikombe. Shuleni walimtania kwa masikio hayo hayo hadi akawa analia. Mama yake ana masikio madogo kama ya paka.

Kasuku aliwaongoza wote hadi mgahawani. Moyoni aliomba mama amfukuze yule mzee, au hata azimie, lakini mama hakufanya hata moja. Alikuwa akipakua supu ya maharage. Akainua macho, akamtazama mgeni, akaurudisha upawa sufuriani taratibu.

"Umezeeka vibaya," akasema.

Kasuku alimvuta mama jikoni.

"Mama, ulijua yu hai?"

"Nilijua."

"Na unaniacha nasimama pale kila siku, namlilia mbele ya watu!"

"Ulipokuwa mdogo uliniuliza kila jioni, baba atarudi lini? Ningekwambia kakimbia na mwanamke mwingine, ungemngoja mlangoni mpaka uote mizizi. Mfu hangojwi, mwanangu." Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena ingawa ilikwisha kukauka. "Na maadamu nilikuwa namuua, nikaona afe vizuri."

Kasuku alirudi ukumbini. Hakuna aliyegusa kijiko; jikoni hapakuwa na mlango, na wote walisikia.

"Na yule jirani?" mama wa leso akauliza kwa sauti ya chini. "Aliokolewa na nani?"

"Alitoka mwenyewe," mama akajibu kutoka jikoni. "Tena na godoro lake kichwani."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mzee akasimama.

"Mwanangu..."

"Usiniite hivyo," Kasuku akasema. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe, ilikuwa kavu na ndogo. "Kunywa supu, inapoa. Kesho uje peke yako. Leo sina la kukwambia."

Mzee akaketi, akashika kijiko, asile. Kasuku akajibwaga kwenye kiti kilichokuwa karibu, akamkodolea macho, akatazama pembeni, akamkodolea tena. Wageni wengine wakala, wakashukuru, wakaondoka mmoja mmoja, wakajitafutia wenyewe njia ya kurudi kwenye nyumba ya wageni.