Ua la Mutoshi

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kupanda vilima vya Mutoshi, jimboni Katanga, nikitafuta ua dogo la buluu. Halioti ila kwenye udongo wenye shaba. Nikiliona, nilisimika kigingi, mashine za mgodi zikaja kuchimba kilima chote. Lilituonyesha mali, sisi tukalifuta. Likabaki kwenye kilima kimoja tu.

Mwaka 1993, Wakatanga walipotufukuza sisi wenye asili ya jimbo la Kasai, wenzangu walifika stesheni ya Kolwezi na magodoro. Mimi nilifika na ndoo ya udongo wenye ua lile, nikamkabidhi Kalumba, Mkatanga niliyefanya naye kazi.

"Mama Mbombo, banakufukuza, na we unawaza maua?" akaniuliza.

"Lile nililokupa mwaka jana uliliua kwa mbolea, tata Kalumba. Hili liache na udongo wake, huu wenye shaba unaoua mahindi yako. Siku machimbo yatafungwa, hakuna muti utaota juu ya yale mawe. Hili litaota, nyuma yake majani, kisha wadudu na ndege. Likiisha, vilima vyenu vitabaki uchi mpaka wajukuu."

Kalumba aliinamia ndoo. "Basi lipeleke Kasai, ulitunze mwenyewe."

"Kule litakufa. Ni la hapa."

Treni ilipiga honi. Aliikumbatia ndoo kwa mikono miwili, akashindwa kuniangalia usoni.

"Mi pia nilizaliwa hapa Kolwezi, pale Musonoi," nikamwambia. "Limwagilie. Nitarudi kuliona."