Mfano wa Asiyepanda

Asubuhi hiyo Rebeka alikuwa amepiga deki sebule aliyowapangisha Zahid na Dorah pale Nyasubi, na sakafu ilikuwa haijakauka. Vijana hao wawili waliandika programu za kompyuta. Iliyowalisha ilikuwa ya Bosi Marwa, mwenye duara moja, shimo la dhahabu, upande wa Geita: ilihesabu wachimbaji wanaoshuka shimoni na wanaopanda. Sasa Marwa alitaka kuwauzia programu hiyo wenye maduara wengine, nao walidai kwanza kitabu cha maelezo, kinachosema kila kipande cha programu kinafanya kazi gani.

Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi kwa mkono. Kuna kifaa kinachowekwa ndani ya kompyuta, kikapita kwenye maandishi ya programu, kikaokota maelezo aliyoyaacha mwandishi pembeni, kikayapanga kurasa. Dorah alikuwa anahangaika nacho tangu chai. Kilikataa kuwaka bila kifaa kingine. Akakishusha hicho mtandaoni, nacho kikataka chake.

"Kama wageni wa msibani," Zahid alisema. "Kila mtu anamsubiri mwenzake ndiyo aje."

Rebeka aliwaongezea chai. Mumewe Selestine alishuka duara la Marwa akiwa ameagiza maharage yasitiwe chumvi nyingi, na hakurudi kuyala. Ofisi ya duara ilisema ameacha kazi. Kwenye jumuiya, Klara, mwenyekiti, alimwambia, "Dada, mumeo yuko Geita anakula bata." Kwa hiyo hapakuwa na matanga, Padre hakumsomea Misa, na Rebeka hakuwa mke wala mjane. Alichomwomba Mungu kilikuwa kimoja: ofisi iseme amefariki, aombolezewe kama mtu.

"Sasa kinataka mifano," Dorah alisema. "Kila kipande na mfano wake."

"Kipe ruhusa kijichukulie humo humo, kwenye kumbukumbu za programu."

Penye mifano Dorah alibadilisha hapana kuwa ndiyo, akabonyeza.

Wanaume walitoka chini ya meza, mmoja mmoja, wameinama kama watokavyo shimoni. Tope lilikuwa limewafika kwenye kope, na tochi za kichwani zilikuwa zinawaka. Walinuka maji yaliyolala. Wakajipanga ukutani, chini ya kalenda ya parokia. Zahid aliinua miguu, asichafue viatu.

"Kurasa zimetoka?"

"Zimetoka." Dorah akasoma: "Mtu akishuka, na zamu ikaisha hajapanda, andika: ameacha kazi. Mfano." Akawatazama waliosimama. "Ndio hawa."

"Safi. Inaeleweka."

Selestine alikuwa karibu na dirisha. "Mwangaluka," alimwamkia mkewe.

"Mwangaluka. Maharage yalichacha."

"Udongo ulishuka. Nilikuwa nakuja."

"Nilijua," Rebeka alisema, akamsogezea kigoda.

Marwa aliingia na kijiti mdomoni, akaziba pua kwa leso. "Hawa si waliacha kazi? Wanafanya nini humu?"

"Bosi, huyu ni mume wangu. Mwandike amefariki, niende parokiani."

Marwa alimkagua Selestine toka utosini hadi kucha, kama mbuzi wa mnadani. "Mama, programu haina neno hilo."

"Naweza kuliongeza," Dorah alisema. "Mstari mmoja tu."

"Halafu nani atanunua programu yenye neno hilo?" Alitema kijiti kwenye sakafu. "Toa hiyo mifano. Inachafua kitabu."

Dorah alirudisha hapana. Kitabu kilitoka upya, kisafi, hakina mfano hata mmoja. Sebuleni wale wanaume walibaki, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waende wapi.

Wake wao walikuja kuwachukua. Rebeka alimketisha Selestine uani, akamwogesha. Tope halikuisha, ukisugua shingo, jingine linatoka masikioni. Klara alikuja, akampa marehemu mkono, akamwambia pole shemeji. Akasema kwa masikitiko kwamba Padre hawezi kusoma Misa bila karatasi ya ofisi. Karatasi ya ofisi ilisema ameacha kazi.

Habari za tope zilimfika Marwa. Akamtuma Edson, msimamizi wake, na karai. Edson alichota kwenye beseni, akapepeta, akaona tope linang'aa dhahabu.

"Udongo wa duara ni mali ya duara," alisema kwa upole.

Tangu hapo huja kila Jumamosi na gunia. Selestine huinamisha kichwa mwenyewe juu ya beseni, asimchafulie mkewe ua. Jioni husali rozari pamoja, naye huitikia vizuri tu. Jumapili Rebeka hukaa benchi la nyuma, na wanawake walioachwa.

"Shikamoo mama," Edson humwamkia kila ajapo. "Mzigo upo?"

"Marahaba," Rebeka hujibu, kwa kuwa ni mtoto wa watu. Kisha hulitemea gunia mate. Edson hufunga kamba, akalibeba pamoja na mate.