Funika Uso Nikipotea

Kaka yangu Hamadi aliponiomba niwe masikio yake, mi nilimwambia ukweli kama ninavyomwambia kila mtu: ule muziki wenu iko kelele tu. Tulikuwa kwake Muyinga. Nilikuwa nimeenda kumwona baada ya daktari kumwambia kwamba masikio yamekwisha. La kulia limekufa, la kushoto linafuata, na dawa hakuna. Miaka yote hiyo anatengeneza milango ya chuma, mashine ya kukatia inamlilia sikioni, nami nikimwambia aweke hata pamba. Lakini Hamadi nani wa kumwambia kitu.

"Ndiyo sababu nakutaka wewe," alisema. "We huna huruma."

Nilinuna kidogo, ila hakukosea. Mi ni mshonaji, niko Magarama, pale Gitega, na wateja wangu wananijua. Mtu akija kujaribu gauni na halijamkaa, namwambia halijakukaa, mama, vua. Wengine wanaondoka wamekasirika, halafu wanarudi, kwa sababu kwingine kote wanadanganywa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Hamadi anapuliza saksofoni. Zamani alikuwa anapiga rumba kwenye maharusi, watu wanacheza, pilau inaliwa, kila mtu anarudi kwake na furaha. Kisha akakutana na Fabiano, mpiga gitaa la besi, mmoja wa wale waliokulia kambi za wakimbizi Tanzania wakarudi wakiwa watu wazima. Fabiano akamwonjesha jazi ya kisasa, na kuanzia hapo kaka yangu akawa kama mtu aliyerogwa. Maharusi wakaacha kumwita. Yeye akajifungia na Fabiano wake, akatunga kipande kirefu cha kumkumbuka marehemu mama yetu, akakipa jina lake, Salima. Kilikuwa hakijapigwa mbele ya watu hata siku moja. Sasa alitaka kukipiga mara moja tu, kabla sikio la kushoto halijafunga.

Alichokuwa anaogopa ni aibu. Hakuweza tena kujisikia vizuri akajua kama yuko mahali pake au amepotea.

"Muulize Fabiano," nilimwambia.

"Fabiano ananipenda. Atanidanganya." Akanivuta karibu na sikio lililobaki, kana kwamba mi ndiye kiziwi. "We utakaa benchi la mbele. Nikipotea, vuta mtandio ufunike uso. Nitashusha saksofoni hapo hapo, nitawashukuru watu, basi. Sitaki kuonewa huruma, Latifa. Hilo tu nakuomba."

"Na nitajuaje umepotea? Mi nikisikiliza naona umepotea toka mwanzo mpaka mwisho."

Alicheka mpaka akakohoa. Fabiano, aliyekuwa amekaa mlangoni, akachukua simu yangu akaniwekea kile kipande, kilichorekodiwa kabla ya ugonjwa. "Sikiliza hiki, dada Latifa," alisema kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka. "Hapa masikio yake yalikuwa mazima."

Nikarudi nacho Gitega. Nilikuwa nakifungulia nikiwa kwenye cherehani, maana kukaa tu na kusikiliza ningeshindwa. Jamani, nilipata tabu. Saksofoni ilikuwa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani huku anaangusha masufuria. Gitaa nalo linakwenda zake, halimngoji mtu. Ukidhani sasa umeshika wimbo, umekuponyoka. Siku moja Anisia, mteja wangu, alisimama akasikiliza, akaniuliza kama simu imeharibika.

"Hapana, ni kaka yangu."

"Pole sana," akaniambia, na ilikuwa pole ya kweli.

Nilitaka kumpigia Hamadi nimwambie atafute mtu mwingine. Nilichelewa kwa sababu ya hitima ya mama, ile tunayoisoma kila mwaka kwa mama mdogo Pili. Hitima ni kwamba mnagawana juzuu za Kurani, huyu anachukua yake na yule yake, halafu wote mnasoma pamoja kwa sauti, kila mtu mahali pake. Mpita njia asiyejua atadhani ni watu wanagombana. Nilikuwa ndani ya juzuu yangu, kichwa chini, nikasikia mama mdogo Pili ameruka ukurasa. Nilikuwa simsikilizi, lakini sauti yake ilikuwa inaelekea mwisho wakati sisi wengine tuko katikati. Nikamfinya. Akaangalia, akaona kweli, akarudi nyuma.

Na mi nikabaki nimeduwaa, juzuu mkononi. Astaghfirullah, simfananishi mtu na Kitabu, na nilipomaliza kusoma nilitubu. Lakini nilirudi kwenye cherehani nikafungua simu, na safari hii sikutafuta wimbo. Fabiano alikuwa na juzuu yake na Hamadi yake. Hakuna anayemngoja mwenzake, ila wote wanakwenda kwenye dua moja. Nikamsikia na mama. Mama alikuwa akitaka kuniita anaanza na Hamadi, anapita kwa Twaha aliyetutangulia mbele ya haki, anapita kwa Husni, anataja nusu ya majina ya nyumba ndipo afike kwangu. Saksofoni ilikuwa inafanya hivyo hivyo. Inakaribia, inakosa, inakaribia tena, halafu inafika. Nililia juu ya kitambaa cha mtu.

Baada ya hapo nilikifungua kila siku. Nilikijua kama ninavyojua mishono yangu, nikaanza kumkera Anisia kwa kumwambia asikilize hapa, sasa hapa. Anisia akaanza kuleta nguo zake asubuhi, anaziacha mlangoni na kukimbia.

Tukapiga Jumapili mchana, kwenye ukumbi mmoja pale Muyinga. Nasema tukapiga kwa sababu niliogopa kuliko wao. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wakaingia na matope. Walikuwepo majirani, watu aliowatengenezea milango, Wakristo wa kanisani kwa Fabiano, na wale mama wa maharusi waliodhani atapiga rumba. Nikakaa benchi la mbele, mtandio begani. Hamadi akaniangalia, akainamisha kichwa kidogo, akaanza.

Alianza vizuri. Mwanzo ulikuwa ule ule wa kwenye simu, tena mtamu zaidi, nikamshukuru Mungu. Kisha sauti ikaanza kushuka. Ni kidogo tu, kama pindo lililovutwa upande mmoja. Fabiano akamfuata chini. Hamadi hakujua, akashuka tena. Halafu, palipo na majina ya mama, aliruka. Akaacha yote, akaenda moja kwa moja kwenye jina la mwisho, akaanza kufunga wakati gitaa bado liko katikati. Nilimwona Fabiano anamkimbilia, jasho linamtoka, anaruka naye, na Hamadi tayari yuko kwingine.

Watu walikuwa wametulia. Hakuna aliyejua. Wao waliona ndivyo jazi ilivyo, kama mi nilivyokuwa naona. Katika ukumbi ule mzima tulikuwa tunajua wawili, mi na Fabiano, na Mungu wetu.

Mkono wangu ulikwenda kwenye mtandio. Niliushika, wallahi niliushika, nikauvuta mpaka shingoni. Na Hamadi alikuwa amefumba macho, anatabasamu pembeni ya saksofoni, amejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake toka mama alipokufa. Alikuwa anasikia kile cha kwenye simu. Nilijua kabisa, kichwani mwake kilikuwa kizima. Alipofumbua macho kunitafuta, nilishusha mkono nikapiga vigelegele.

Wale mama wa maharusi, wao vigelegele havihitaji sababu. Wakadakia, ukumbi ukajaa. Hamadi aliona midomo yetu, akapuliza kwa nguvu zaidi, akapotea zaidi, mpaka akafika mwisho wake, peke yake.

Nje, kwenye matope, alinishika mabega. "Hukufunika," alisema. "Nilikuangalia. Hukufunika."

"Sikufunika," nilimwambia karibu na sikio.

"Basi sikio bado zima." Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. "We huwezi kunidanganya. Tutakuja kwenu Gitega, Latifa, tutapiga mbele ya ukoo wote, mbele ya mama mdogo Pili. Utakaa mbele tena."

Nilisema ndiyo. Fabiano alikuwa amesimama nyuma yetu, gitaa mgongoni, na nilipogeuka tukaangaliana. Nilidhani atanilaumu. Nikamwona alivyochoka, nikaelewa kwamba ameifanya kazi hii muda mrefu, akimkimbilia mtu asiyejua kwamba anakimbiliwa.

"Pole, dada," alisema taratibu. "Sasa tuko wawili."

"Anasema nini?" Hamadi akauliza, akiniinamishia sikio la kushoto.

"Anasema hujawahi kupiga vizuri namna hii," nikamwambia, na uongo wa pili ulinitoka kwa urahisi kuliko ule wa kwanza.