Nondo za Bweni Jipya

Miaka mitatu ya shule ya kurekebisha tabia ilimfanya Kiberiti, kama wenzake walivyombatiza, fundi hodari wa kuchomelea. Sasa alikuwa amemaliza nondo za madirisha ya bweni jipya la shule yake ya zamani. Lile la zamani alilitia moto mwenyewe, wakafa wanafunzi kumi na tisa wakiwa wameng'ang'ania nondo zisizofunguka. Hizi alizitia bawaba.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo alikuja kuzikagua, akazisukuma, zikafunguka. Akafyonza. "Watoto watoroke? Zichomelee!"

"Mwalimu, moto ukizuka..."

"Leo fisi ananifundisha kulinda bucha!"

Fundi aliyemfundisha Kiberiti kazi akamnong'oneza, "Fanya, mwanangu. Bila barua yake ya kuthibitisha umerekebika, hutoki humu."

Kiberiti akazichomelea zote, machozi yakimtiririka nyuma ya kinyago.

Mwalimu mkuu akazitikisa, akaridhika, akaandika barua: kijana amerekebika.