Propela ya Pili

Maji ya sufuria yalikuwa yanatoa mvuke, bado hayajachemka, na Stanslaus Waitara aliyatazama kama mtu anayeuguza. Kiganjani alishika propela ya plastiki, ndogo kama kifungo cha koti. Zilikuwa mbili tu. Zilitoka kwenye boksi la boti ya kuchezea ya kuunganisha vipande, ambalo shemeji yake Matiko, utingo wa lori, alilinunua Isebania, mpakani. Boti yenyewe ilikuwa pambo la kabati. Propela zake hazikuwa na tundu katikati, na mapanga yake yalikaribia kuwa bapa, hayangesukuma hata povu.

Stanslaus, fundi wa mashine ya kusaga ya kijiji, alikuwa amechonga boti nyingine ya mti mwepesi, urefu wa mkono, akaitia mota ya gramafoni mbovu ya betri. Kesho yake asubuhi kamati ya kijiji ingekuja kuitazama. Injini ya zamani ya kusagia ilikuwa imelala bure stoo, naye aliomba ifungwe kwenye boti ya kuvusha watu Mto Mara. Shamba la ujamaa lilikuwa ng'ambo, na mtumbwi wa kasia ulishapinduka mara mbili. Mara ya pili alikufa maji Mokami, mdogo wake mke wa Stanslaus, Kezia. Lakini Simioni, katibu wa kijiji, aliitaka injini hiyo kwa kuvuta maji. Mwenyekiti Nyangwine ndiye aliyekata maneno: "Fundi atuonyeshe kwa macho."

Alipasha sindano ya kushonea magunia ikawa nyekundu, akatoboa propela katikati polepole. Kisha akapenyeza spoku ya baiskeli, ule upande wenye nyuzi za skrubu, tundu lingali na moto kidogo ili plastiki iiume. Ilishika. Akazamisha mapanga kwenye maji, akahesabu hadi ishirini, akalikunja la kwanza kwa koleo. Likakubali. La pili pia. La tatu likalia "ka!" likarukia kwenye majivu.

Kezia aligeuka kutoka kwenye mtama aliokuwa akiupeta. "Limevunjika?"

"Limevunjika."

"Ipo nyingine?"

"Moja."

"Basi usiiguse sasa hivi, baba Gati. Kaa kwanza."

Akakaa kwenye kigoda, lakini akili haikukaa. Je, hii nayo ikikatika? Atasimama mbele ya Simioni aseme nini? Alilichukua tena koleo, na hapo ndipo alipoelewa: lilikuwa baridi. Chuma baridi kilikuwa kimeigandisha plastiki ghafla katikati ya kuikunja. Akalitia koleo nalo sufuriani, akasubiri, akaanza upya na propela ya pili, akikunja zaidi kila panga upande ambao tayari lilikuwa limeegemea. Yote matatu yakakubali. Duka la kijiji halikuwa na betri tangu mwezi uliopita, na alizokuwa nazo zilikuwa zimechoka. Kwa hiyo aliijaribu mota kwa kufumba na kufumbua tu. Ilizunguka. Akazima.

Asubuhi kamati ilizunguka birika la kunyweshea ng'ombe, na watu wengine nyuma yao. Stanslaus aliiweka boti majini, akaunganisha nyaya.

Boti ikarudi nyuma. Ikagonga saruji kwa tako.

Watu wakacheka. "Hii itatuvusha kuturudisha nyumbani," alisema Simioni.

Stanslaus alikuwa amekosea wapi? Akaiinua boti, akaikodolea macho propela, na akaona: mapanga yake yaliegemea upande wa pili, si kama ya ile iliyovunjika. Boti ya boksi ilikuwa na propela mbili, ya kulia na ya kushoto, na hazikufanana. Hofu ndiyo iliyomfumba macho jana.

"Mwenyekiti, naomba dakika moja."

"Chukua."

Ilibidi nyaya zibadilishane nafasi ili mota izunguke kinyume. Akaanza kuzifungua. Betri moja ikamponyoka, ikatumbukia. Akaiopoa, akaifuta kwa shati huku anasikia watu wananong'ona, akaifunga kwa mpira wa tyubu.

Safari hii boti ilienda mbele.

"Ngoja," alisema Nyangwine. Akaishika, akaweka juu yake hindi zima. "Ibebe kitu."

Boti ikadidimia majini hadi karibu na ukingo wake, ikajisukuma mbele. Katikati ya birika ikapunguza mwendo. Ikawa inajikokota, betri zikifa, na mwishoni ikaelea yenyewe shubiri moja, mpaka pua ikagusa ukuta wa pili.

Nyangwine alilichukua hindi lake. "Injini apewe," alisema. "Kazi iishe kabla ya masika."

Watu walipiga makofi. Bhoke, mama yake Kezia, alikuwa amesimama mbali na mkwewe kama heshima inavyotaka, macho chini. Akamwita binti yake.

"Mwambie mumeo, siku ya kwanza nitapanda mimi."

Kezia hakuhitaji kurudia, Stanslaus alikuwa amesikia. Aliitazama boti birikani. Boti ya kuchonga haikuwa na mtu ndani.

"Mwambie mama nitavuka kwanza peke yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Safari kumi."

"Mwambie nitakaa ukingoni nizihesabu," alijibu Bhoke.

Stanslaus akainama kukusanya nyaya, taratibu, ili asilazimike kuinua uso mapema.